Mkono wa Mashine Namba Tatu

Mashine namba tatu ilikuwa na tabia yake. Ilizunguka kidogo, ikanyamaza, kisha ikazunguka tena kurudi ilikotoka. Wenzake wawili mle ndani ya chumba cha kufulia walikuwa wa kisasa, wana vitaa vya bluu na maringo, wakianza hawanyamazi mpaka wamalize. Namba tatu ilikuwa bibi kizee: iliguruma, ikapumua, ikaguruma. Na Winfrida, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kufua mashuka ya wageni katika kambi moja ya watalii upande wa Natta, hakuweza kukaa mbele ya kioo chake cha mviringo saa nane mchana asisinzie.

Msimcheke. Chumba kina joto, mvuke wa pasi unapanda, nje nyumbu wanaguna mbali huko, na mbele yako shuka jeupe linapanda, linaanguka, linapanda. Nani asingesinzia? Akisinzia hakuona shuka. Aliona Nyarero, kijiji alikoolewa. Alijiona msichana wa miaka ishirini, amelala nyuma ya mlango wa nyumba ya mama mkwe wake, kijibaridi cha alfajiri kinapenya chini ya mlango, na jiwe la kusagia linakwenda: gwaru, gwaru, gwaru. Halafu kimya. Ndani ya kimya kile palikuwa na neno, neno moja tu, naye alilisubiri. Lakini mashine haina maneno. Kabla neno halijafika, ngoma ilizunguka upande wa pili, naye akazinduka, ute shavuni, aibu tele.

Mwezi wa saba kutu ikatoboa ngoma ya namba tatu, maji yakafurika mpaka stoo ya taulo. Meneja akasema basi, itolewe, ikatupwe na vyuma chakavu. Winfrida akamwomba ampe yeye.

"Ya nini, Winfrida? Hiyo imeshakufa."

"Kilichokufa ni ngoma tu, meneja. Mota nzima. Nyumbani kuna mtu amepoteza mkono."

Meneja alicheka sana, akadhani ni utani, akamsainia karatasi ya kutokea getini.

Haukuwa utani. Mtu huyo alikuwa Mokami, mama yake mumewe Heche. Mwaka uliotangulia, miezi miwili tu baada ya kumzika mumewe mzee Magige, Mokami aliamka upande wa kulia wa mwili wake umelala. Kiharusi. Hospitali walifanya walichoweza. Mguu ukarudi, unaburura lakini ukarudi. Mkono haukurudi. Maneno nayo yakaenda zake. Alibakiwa na "e-e" ya kukubali na "e-e" ya kukataa, na ukitaka kuzitofautisha sharti umtazame macho.

Na mwaka wa msiba ulikuwa unakaribia kutimia. Katika ukoo wa Magige, mwaka ukitimia hupikwa pombe ya kumaliza kilio, amarwa ya mahindi na kimea cha wimbi. Wazee huuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mrija wa marehemu huchovywa humo mara ya mwisho. Masharti si mengi. Ni moja, lakini la chuma: kimea kisagwe juu ya jiwe la mke mkubwa, kwa mkono wa nyumba yake. Hakipelekwi kwenye mashine ya kijiji kikachanganyika na unga wa kila mtu. Nyumba ya mke mkubwa ikishindwa, kimea kinahamia kwa mke mdogo, na mrija wa mzee unafuata kimea. Mrija ukishatoka, nyumba ile haiitwi tena nyumba ya mzee. Inaitwa kwa bibi fulani, basi.

Mrija wa Magige ulikuwa umening'inia ukutani juu ya kitanda cha Mokami. Mwanamke aliyemzalia mtu watoto saba, akamzika, halafu aje aondolewe mrija ukutani kwa sababu mkono umelala! Wegesa, mke mdogo, hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria vibaya. Yeye mwenyewe alikwisha sema hautaki. Lakini anayeamua mambo haya si Wegesa. Ni mzee Werema, mdogo wake marehemu, mtu mrefu mkavu, masikio makubwa, maneno machache.

"Kwani tatizo liko wapi?" Werema alisema kwenye kikao. "Mkwe yupo. Atasaga Winfrida. Tulikunywa kimea chake alipoolewa, kilikuwa kizuri sana."

Watu wote wakaitikia kwamba kweli, kilikuwa kizuri. Winfrida akainamisha kichwa, na Heche, mumewe, akadhani mke wake anaona haya kwa kusifiwa.

Maskini Heche. Hakujua kwamba mkewe, tangu azaliwe, hajawahi kusaga hata konzi moja ya kimea ikasagika. Alilelewa Natta na shangazi muuza maandazi; unga kwao ulitoka dukani ndani ya mfuko wenye picha. Alipoletwa Nyarero, bibi harusi mpya, akaambiwa kwamba alfajiri tatu mfululizo atawasagia wazee kimea ili wauone mkono wake. Alfajiri ya kwanza alilisukuma lile jiwe la juu juu ya jiwe kubwa, likateleza, wimbi likaruka huku na huku zima zima, vidole vikachubuka, akaanza kulia kimya kimya. Ndipo Mokami alipotoka chumbani. Winfrida alikuwa hajui Kikurya, na Mokami Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni tu, cha kununulia chumvi. Alimshika bega, akamlaza nyuma ya mlango, akamfunika kanga, akapiga magoti mwenyewe penye jiwe. Alisaga, akanyamaza ili avute wimbi jingine kwa kiganja, na katika kunyamaza kule alisema neno alilokuwa nalo:

"Lala."

Alfajiri tatu. Kila kimya kikija, "Lala," kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Wazee wakanywa, wakasifu mkono wa bibi harusi, na wale wanawake wawili hawakulitaja jambo hilo tena kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa mnaelewa kwa nini Winfrida alikuwa hapati usingizi kambini ila mbele ya mashine namba tatu. Mwezi wa sita, likizoni, alijifungia na lile jiwe saa mbili nzima. Akapata malengelenge manne na nusu bakuli ya vitu ambavyo kuku alivitazama akapita. Akishindwa, mrija unahama. Na mrija ukihama, watu watauliza imekuwaje mkono uliosifiwa leo haujui kusaga, na Mokami ataonekana mwongo mbele ya mtungi wa mumewe. Hilo ndilo lililomkaba roho.

Akaipeleka maiti ya namba tatu Mugumu kwa fundi Danford, jirani na soko, mtu wa kufufua friji, redio na feni. Danford alikuwa fundi kweli, tatizo lake alijijua. Aliifungua, akatoa mota, akaipangusa mafuta, akaibusu.

"Dada Winfrida, hii si mota. Hii ni ng'ombe dume! Nyaya ziko tano. Hizi mbili nimezijaribu, dhaifu, zinavuta kwa uvivu, nimezifunga na tepu. Lakini hizi nyingine, eeh! Ukiwasha meza inahama."

Akaifunga ile mota kwenye mashine ya mkono ya kusagia karanga, akaondoa mkono wake wa kuzungushia, akaweka puli na mkanda. Wiki mbili hakusema na mteja mwingine. Kazi ilipokwisha alipanda na Winfrida, aliyeomba ruhusa kambini, hadi Nyarero kupitia Nyamongo, amepakata mota mapajani njia nzima, maana alitaka awepo watu wakishangaa.

Na walishangaa. Danford alichomeka waya, mashine ikapiga yowe, kuku wakatoka ndani kwa pamoja, na kimea cha wimbi kilichomwagwa juu kikatoka chini kama poda ya mtoto mchanga. Laini, ya moto, inapaa. Debe zima kwa muda wa kunywa chai! Winfrida alijiambia hii si mashine ya kijiji, ni mkono wa nyumba hii, akalia machozi ya furaha, akamkumbatia fundi mbele ya mumewe. Mokami alisogea akiburura mguu, akachota unga kwa mkono wa kushoto, akaunusa, akaweka kidogo ulimini.

"E-e," alisema.

"Umesikia? Mama amekubali!" Winfrida akapiga vigelegele.

Hapo ndipo walipokosea. Walisikiliza e-e, macho hawakuyatazama.

Kabla ya pombe yenyewe hupikwa mtungi mdogo wa kuonja. Winfrida alipika, Mokami akielekeza kwa kidole: unga wa mahindi uliochacha ukaangwe hivi, maji yawe hivi, kimea sasa, funika. Siku ya tano mzee Werema akaja na wazee wenzake wawili, kila mmoja na mrija wake, na kwenye ncha ya kila mrija kichujio kidogo kilichosukwa, cha kuzuia machicha. Wakaketi. Wakavuta.

Hakikupanda kitu. Werema alivuta mpaka mashavu yakaonana kwa ndani. Akapumzika, akavuta tena, masikio yakacheza. Mzee wa kulia akautoa mrija wake, akaukodolea jicho, akaupuliza, na ile pombe ikamrudia usoni. Ule unga laini ulikuwa umekuwa gundi. Ulikuwa umeziba vichujio vyote vitatu.

"Hii ni pombe," aliuliza yule mzee akijifuta nyusi, "au ni ya kusiribia ukuta?"

Pengine mngecheka. Winfrida hakucheka. Werema alikwenda akaitazama mashine ya karanga na mota yake, akarudi.

"Mkwe wangu, mashine ya kijiji tuliikataa. Wewe umeiingiza nyumbani. Jumamosi nitarudi. Nikikuta jiwe halijafanya kazi, kimea kitakwenda kwa Wegesa."

Aliyasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Walipoondoka, Mokami aliinuka polepole, akaufikia ukuta, akaushusha mrija wa mumewe kwa mkono wa kushoto. Akaupangusa kwa kanga kutoka juu mpaka chini. Akauegemeza karibu na mlango, tayari, ili atakayekuja kuuchukua asipate taabu ya kuingia ndani. Winfrida alitaka ardhi ipasuke immeze.

Siku ya pili yake, Jumatano, jua la mchana limesimama juu ya bati, Winfrida alijilaza sakafuni kando ya kitanda cha mama mkwe. Hakukusudia kulala. Sakafu ilikuwa baridi, mahali fulani mtoto alikuwa akiimba hesabu za shule, na bati lilikuwa linalia tik, tik kwa joto. Akajiona yuko chumba cha kufulia. Na mzee Magige yuko mle, kwenye kiti chake cha miguu mitatu, na koti lake la msibani, mrija mkononi, anatazama kupitia kioo cha namba tatu. Ndani ya kioo hamkuwa na shuka. Mlikuwa na wimbi, jekundu, linapanda na kushuka taratibu. Winfrida alijisikia raha. Mara mashine ikapiga yowe, wimbi likabanwa ukutani mwa ngoma, na mzee akaziba masikio.

"Mkwe," alisema, amekunja uso, "mbona unalikamua? Bado hujalifua."

Winfrida akaketi kitako. Mokami alikuwa anamtazama kutoka kitandani.

"Mama," alisema Winfrida, "fundi ametupatia mkono wa kukamulia!"

Akachukua simu, akatoka nje pekupeku.

"Fundi, nikuulize. Shuka ukilitia kwenye mashine, linaanza na nini?"

"Linaanza na... kuzunguka?" alijibu Danford kutoka Mugumu.

"Umewahi kufua kwa mashine, hata siku moja?"

"Mimi? Nguo zangu anafua mama watoto. Kwenye beseni."

"Ndiyo maana! Sikiliza. Mashine inafua kwanza, taratibu. Inazunguka, inanyamaza, inarudi. Mwishoni kabisa ndipo inakamua, mbio na yowe. Wewe umetuwekea mbio za mwisho. Zile nyaya ulizoziita za uvivu ndizo za kufulia. Ndizo ninazozitaka. Na kile kidude cha kuzungusha kilichokuwa usoni mwa mashine, kile kinachoamua sasa fua, sasa nyamaza, kiko wapi?"

Upande wa pili Danford alikohoa.

"Taima? Nili... nadhani niliitia kwenye ndoo ya vyuma. Subiri." Simu ikawekwa chini. Ikasikika ndoo inapinduliwa, kelele za bolti na sufuria, na sauti ya Danford akijitukana kwa majina yake yote mawili. Halafu: "Ipo! Ina grisi mpaka masikioni, lakini ipo!"

Ijumaa asubuhi alifika na mfuko begani, safari hii bila maneno mengi. Mashine ya karanga ikawekwa kando. Winfrida alitaka jiwe. Danford akafunga puli ile kubwa iliyokuwa nyuma ya ngoma, akatoboa tundu pembeni yake, akatia bolti, na kwenye bolti akaunga ufito wa mkaratusi. Puli ikizunguka, ufito unakwenda mbele na kurudi. Ncha ya pili ya ufito wakaifunga kwa mpira wa tairi kwenye jiwe la juu, lile dogo lililochimbika mahali pa viganja vya Mokami, na vya mama mkwe wake kabla yake.

"E-e," alisema Mokami.

Mikono yote ikasimama. Wakamtazama macho, Danford mwenyewe akavua kofia. Macho yalikuwa yanakataa. Kidole cha kushoto kikaonyesha jiwe kubwa, upande wa nyuma: limelala mno, linyanyuliwe. Wakaweka kigae chini. "E-e." Macho bado. Wakaongeza kingine. "E-e," na safari hii macho yakatulia.

Danford akawasha.

Hakikulia kitu cha kutisha. Mota ilivuta pumzi, puli kubwa ikaanza kuzunguka kwa uvivu wake mtakatifu, na jiwe likaenda mbele, likarudi. Gwaru. Gwaru. Gwaru. Wimbi likapasuka chini yake, likateremka kwenye ungo likiwa na chenga, jekundu, linanukia jua. Halafu ile taima ikasema tik, na kila kitu kikanyamaza.

Hakuna aliyemwambia Mokami afanye nini. Katika kimya kile mkono wake wa kushoto ulitoka ndani ya kanga, ukavuta wimbi jingine kwa kiganja, ukaliweka mbele ya jiwe, ukaondoka. Tik. Gwaru, gwaru. Mkono wa kulia uliokuwa umelala mapajani karibu mwaka mzima ulikuwa bado umelala, lakini kazi yake ilikuwa inaendelea mbele yake, na ule wa kushoto uliifuata bila kukosea hata mara moja. Danford alikwenda kusimama nje, kisa moshi, na jikoni hapakuwa na moto.

Jumamosi mzee Werema hakuingia moja kwa moja. Alisimama nje ukutani, fimbo mkononi, akasikiliza. Ndani walikiona kivuli chake chini ya mlango. Jiwe likaenda, likanyamaza, likaenda, likanyamaza. Akakaa pale mpaka ungo ukajaa. Kisha akainama, akaingia, Heche nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaitazama mota, puli, ufito, jiwe. Akamtazama Mokami aliyeketi kwenye mkeka kando yake. "Nani anasaga hapa?"

Jibu jepesi lilikuwepo. Angesema, mama anasaga, tazama mkono wake wa kushoto. Winfrida alilifungulia mdomo, likakataa kutoka. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imelikalia.

"Baba, mimi sijui kusaga," alisema. "Sijawahi kujua. Kile kimea cha siku nilipoolewa mlichokisifu, alisaga mama. Alfajiri zote tatu. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya mlango huo. Aliniazima mkono wake, akanisitiri, hakunisimanga hata siku moja. Leo mkono wake umelala, ndiyo nimemtafutia huu. Kama nimekosa, kosa ni langu mimi. Mrija wake muuache."

Heche alikuwa ameacha mdomo wazi, nzi angeingia akatoka. Mokami aliinama, kanga usoni.

Werema alikitafuta kigoda, akaketi. Alisubiri jiwe linyamaze ndipo akasema.

"Jiwe la Mokami lina mwendo wake. Linakwenda mara kumi na mbili, linapumzika. Kijiji kizima kinalijua. Alfajiri ile ya kwanza mimi na kaka tulikuwa tumelala nyumba ile ya pili, pale. Nikamwamsha. Nikamwambia, kaka, anayesaga si bibi harusi. Akaniambia, Werema, fumba mdomo, tutakunywa. Nikafumba." Akageuka. "Shemeji, alijua. Kila alipokisifu kile kimea, alikuwa anakusifu wewe."

Mokami hakuifunua kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama ni kilio au ni kicheko, pengine hata yeye hakujua.

"Sasa huyu bibi wa chuma," Werema alielekeza fimbo kwenye mota, "nimemhesabu pale nje. Mara kumi na mbili, anapumzika. Nani kamfundisha?"

"Hakuna, baba. Alikuja hivyo hivyo."

"Loo." Akachota unga kwenye ungo, akautafuna kidogo kwa meno yake ya mbele, chenga zikasikika. "Na mkono wa kushoto nao ni mkono. Endeleeni."

Akainuka. Mlangoni aliuona mrija ulivyoegemezwa. Akauchukua, na Winfrida akainuka. Mzee akageuka nao, akavuka chumba, akautundika ukutani juu ya kitanda, akaunyoosha ukae sawa. Ndipo akaenda zake.

Ile pombe ilinywewa wiki mbili baadaye, watu wakajaa mpaka kwenye boma la ng'ombe, na vichujio havikuziba. Danford alialikwa, akalewa, akawaeleza watu wawili wawili tofauti ya kufua na kukamua. Lakini mimi sitaki kumalizia penye watu wengi. Nataka niwarudishe Jumamosi ile ile, baada ya mzee Werema kuondoka.

Wimbi lilikuwa limebaki debe na nusu. Heche alikuwa amekwenda kuwanywesha ng'ombe, fundi ameenda kutafuta basi. Jua la saa nane liliingia kwa kipenyo cha dirisha, na vumbi la kimea lilikuwa linaelea ndani yake bila haraka. Winfrida alikuwa hajalala usiku tatu. Alijiambia ataketi kidogo tu, nyuma ya mlango, mgongo ukutani. Jiwe lilikwenda, likanyamaza. Mkono ukavuta wimbi. Jiwe likaenda. Kope zikawa nzito, akazifungua kwa nguvu, maana kazi ya kumwangalia mama ilikuwa yake.

Mokami alikuwa anamtazama. Mdomo wake ulikuwa unahangaika na kitu, upande mmoja unavuta, mwingine hautaki.

"La," alisema, lakini jiwe likaanza, likaifunika sauti yake.

Mokami alisubiri zipite zote kumi na mbili. Taima ikasema tik. Nyumba ikanyamaza. Kiganja cha kushoto kikavuta wimbi, kikaliweka mahali pake.

"Lala," alisema Mokami.

Winfrida akalala.